Kitako cha Kopo

Kila Jumapili asubuhi, kabla watu hawajatoka vitandani, nyundo ndogo ilisikika nyuma ya nyumba ile. Ko, ko, ko. Halafu kimya. Halafu ko nyingine moja, kama mtu aliyekumbuka neno alilosahau. Majirani walisema bibi yule hapendi kitu kiharibike, kila wiki lazima apate cha kugongagonga. Hakuna aliyeuliza ni kitu gani.

Jina la Bi Kipimo alipewa na wanafunzi, na lilimganda mpaka uzeeni. Alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni, mwanamke mfupi mwenye funguo kiunoni, aliyetembea taratibu kama aliyebeba maji kichwani. Katika stoo yake magunia ya unga, mchele na maharage yalipangwa juu ya mbao ili unyevu wa sakafu usiyafikie, na mizani ya chuma ilifutwa kwa kitambaa kila jioni. Wapishi walimwogopa kuliko walivyomwogopa mkuu wa shule. Mkuu wa shule angeweza kudanganywa. Bi Kipimo alilisukuma gunia kwa goti tu, akajua limepungua kiasi gani.

Siri ya kazi alifundishwa na mtunza stoo aliyemtangulia, mzee mmoja mwenye kikohozi kisichopona. Ulikuwa muhula ambao lori la chakula halikuja.

“Ukipunguza idadi ya makopo, wapishi watapiga kelele,” mzee alimwambia. “Watu wanahesabu, hawapimi. Hesabu iache ilivyo. Gusa kopo.”

Akaligeuza kopo la kupimia, akaliweka juu ya jiwe, akakigonga kitako chake kwa kichwa cha msumari mnene mpaka kikabonyea kidogo kwa ndani. Ukilitazama kwa juu, kopo ni lilelile. Wiki iliyofuata Bi Kipimo mwenyewe akaligonga tena, kidogo tu. Wapishi waliendelea kuhesabu makopo yao kama kawaida, wakatia sahihi kama kawaida, na chakula kikafika mpaka siku ya kufunga shule.

Mkuu wa shule alimsifu Bi Kipimo mbele ya walimu wote. Wanafunzi hawakulalamika, maana hawakujua cha kulalamikia. Walizidi tu kuwa wakimya. Msichana mmoja alianguka mstarini asubuhi, akapelekwa kivulini, akanyweshwa maji. Bi Kipimo alisema ni jua. Aliendelea kusema hivyo miaka yote mpaka alipostaafu, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Alipostaafu alihamia kwa mwanawe wa pekee, aliyefanya kazi kiwanda cha chupa. Mke wa mwanawe alisuka nywele kibarazani, na kwa kuwa wateja walimwita Msusi, hata nyumbani alikuwa Msusi. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule, na jiko lenye dirisha moja la wavu uliojaa masizi. Katika wiki yake ya kwanza Bi Kipimo alinunua kufuli, akalifunga kwenye kabati la jikoni, na ufunguo ukarudi mahali ulipozoea kukaa, kiunoni.

Hapo nyumba ikaanza kwenda kwa mpango wake. Sabuni ya kipande ilikatwa kwa uzi na kuanikwa juani wiki nzima, kwa sababu sabuni kavu haiyeyuki ovyo. Chupa ya mafuta ya kupikia ilitobolewa kifuniko kwa msumari, mafuta yakatoka kwa matone. Kijiti cha kiberiti kilipasuliwa kwa wembe kikawa viwili. Dawa ya meno ilipogoma kutoka, bomba lilipasuliwa kwa mkasi na kukwanguliwa. Majani ya chai yalianikwa kwenye sinia, yakachemshwa mara ya pili. Maji yaliyofulia ndiyo yaliyopiga deki, na yaliyopiga deki ndiyo yaliyomwagiwa choo.

“Mama, humu ndani hata panya wamehama,” mwanawe alimtania.

“Wamehama kwa sababu wana akili. Wewe mbona bado upo?”

“Nitaenda wapi na mke wangu yuko hapa?”

“Basi kula ulichopewa. Haba na haba hujaza kibaba.”

Walicheka, hata Msusi alicheka, akiwa amejifunika mdomo kwa upande wa kanga kama ilivyompasa mkamwana mbele ya mama mkwe. Na ni kweli kwamba katika miezi ile hawakukopa kwa mtu.

Kisha kiwanda kikapunguza zamu. Mwanawe akawa anakwenda kazini siku chache na siku nyingine anakaa kibarazani akitazama vidole vya mkewe vikipita kwenye nywele za watu. Utani ulipungua. Msusi alikuwa na mimba. Jumapili moja Bi Kipimo aliamka mapema, akatoka uani na vipimo vyake viwili, jiwe, nyundo na msumari mnene.

Cha kwanza kilikuwa kopo kubwa la kupimia unga, mchele na maharage. Cha pili kilikuwa kikopo cha sukari, kidogo kama kifuniko cha chupa kubwa, kilichokuwa zamani cha dawa ya kupaka kifuani. Alikiwekea mpini wa waya, na kilining'inia kwenye msumari jikoni. Alivigonga vyote viwili, kidogo, kwa mkono mwepesi wa mtu anayemgongea mgonjwa mlango.

Hakumwambia mtu. Aliona hakuna cha kuambiana. Mwanawe alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali na kusema ni mawazo ya kazi. Msusi alipata kizunguzungu akiwa amesimama nyuma ya mteja na kusema ni mimba. Jioni walihesabiwa makopo yao yaleyale, wakala, wakashukuru. Yeye Bi Kipimo alijipakulia kidogo kuliko wote, na kwa sababu hiyo moyo wake ulikuwa safi.

Mtoto alizaliwa wa kiume, mzito, mwenye sauti. Bibi yake alimpokea kwa vigelegele.

“Mume wangu huyu!” alisema. “Amekuja bila mahari, bila viatu, na bado anapiga kelele kama mwenye nyumba.”

Lakini baada ya wiki chache Msusi alishikwa na homa kali, matiti yakavimba, akalazwa, na alipopona maziwa yalikuwa yamekauka. Ikabidi mtoto anyweshwe maziwa ya unga ya kopo. Kopo la kwanza lilipoletwa nyumbani, Msusi alilikumbatia kifuani na kumtazama mama mkwe wake. Bi Kipimo aliyaelewa yale macho.

“Sikilizeni,” alisema, naye mwanawe alikuwepo. “Katika nyumba hii nitabana kila kitu, hata pumzi yangu. Ila maziwa ya mume wangu siyagusi. Likae chumbani kwenu. Kabatini kwangu halitaingia, nisije nikasahau nikadhani ni unga.”

“Ahsante, Mama,” Msusi alisema.

“Usinishukuru. Mtoto hapunguziwi. Nani asiyejua?”

Alimaanisha kila neno. Lile kopo la maziwa hakuligusa kamwe.

Ndani ya kopo kulikuwa na kijiko cha plastiki cha kupimia. Vijiko vinne vilivyosawazishwa kwa kisu, kwa chupa moja. Nesi alimwelekeza Msusi mara mbili, na Msusi alikuwa mtu wa kushika maelekezo. Mkono wake uliweza kugawa nywele za kichwa kizima mistari iliyolingana bila kutazama mara ya pili. Kila siku alichemsha chupa na kijiko katika sufuria, na maji ya kuchemshia aliyatia kidogo, kwa sababu maji na mkaa havikuwa vya kuchezewa.

Siku moja mteja alimshika maneno kibarazani. Aliporudi jikoni maji yalikuwa yamekauka, na kijiko kilikuwa kimelala chini ya sufuria kama nta. Chupa ilipona. Alifungua dirisha, akapunga moshi kwa kanga, akakitupa kile kijiko kwenye shimo la taka na kukifunika kwa majivu. Mkaa umeteketea bure, maji yamekauka, kijiko kimeyeyuka. Alimwazia mama mkwe akisikia habari hiyo.

Alikwenda nyumba ya pili kwa Mama Pacha, ambaye watoto wake walikunywa maziwa ya aina ileile.

“Nikupe kijiko changu halafu hawa wawili wale nini, mikono yao?” Mama Pacha alisema. “Si umwambie tu mkweo? Kwani atakumeza?”

“Hatanimeza. Atanitazama.”

“Mh. Hapo bora kumezwa.”

Walicheka kwa sauti ya chini. Mama Pacha akamwazima kijiko chake kwa dakika chache tu, apate kukilinganisha na kitu. Msusi alijaribu kijiko cha chai, kikawa kidogo. Alijaribu kikombe cha kahawa, kikawa kikubwa. Mwisho akaangua kikopo cha sukari pale msumarini. Alijaza kijiko cha Mama Pacha, akasawazisha, akamimina ndani ya kikopo: unga ulifika ukingoni, si juu si chini. Alirudia mara tatu. Moyo ukatulia. Tangu siku ile akawa anakichukua kikopo kwa siri, anapima vinne, anakiosha, anakikausha kwa pindo la gauni, na kukirudisha msumarini.

Jumapili iliyofuata, nyuma ya nyumba: ko, ko, ko.

Safari moja nusura mambo yajulikane. Bi Kipimo alikishika kile kikopo na kukikuta kina umande.

“Nani kaosha kikopo cha sukari?”

“Mimi, Mama. Kilikuwa na sisimizi.”

“Sisimizi wanaondolewa kwa pumzi.” Akakipuliza kumwonyesha. “Pumzi hatununui.”

“Ndiyo, Mama.”

Wote wawili wakageuka, kila mmoja akiwa na siri yake, na siri zote mbili zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari mmoja.

Wiki zikapita. Kopo la maziwa, ambalo mwanzoni lilikuwa likiisha upesi mpaka mume akashika kichwa, likaanza kudumu. Kwanza lilivuka siku chache. Halafu likavuka zaidi. Bi Kipimo, ambaye hakuligusa lakini aliona tarehe alizolinunua mwanawe, alimwita mkamwana wake mbele ya mlango wa jiko.

“Mwanangu, sasa umeanza kuijua nyumba. Humwagi tena.”

Ilikuwa sifa ya kwanza kwa Msusi tangu aolewe. Aliinama kwa furaha na aibu. Hakuwa amebadilisha kitu. Alipima vinne, alisawazisha, hakumwaga hata zamani. Usiku ule aliyatazama maziwa kwenye chupa, akaona kama yamekuwa mepesi, kama rangi imepauka. Akasema moyoni labda viwanda navyo vimebana matumizi siku hizi.

Mtoto naye akabadilika. Zamani alilia kwa ghadhabu mpaka mate yakamkauka. Sasa alilia kidogo, akachoka, akanyamaza. Alilala sana. Akiwa macho alitazama taa kwa muda mrefu, bila kurusha miguu.

“Mume wangu amekuwa mpole,” Bi Kipimo alisema akimbembeleza. “Ametulia kama mzee wa kanisa.”

Mama Pacha alipopita kuomba moto alisimama kando ya kitanda cha mtoto, akainama kusikiliza pumzi yake.

“Wangu akikaa kimya hivi huwa namwekea kioo puani,” alisema.

“Wako wawili, wanafundishana fujo,” Bi Kipimo alimjibu. “Huyu hana mwalimu.”

“Haya, Mama. Ila mmempeleka kupimwa mwezi huu?”

Hawakuwa wamempeleka. Siku ya kliniki ya mwezi uliopita ilipofika, Bi Kipimo ndiye aliyesema mtoto asiyeumwa hana haja ya kupandishwa gari kwenda kuning'inizwa kwenye mizani. Nauli ya kwenda na kurudi ingetosha sabuni. Na mwezi huu alisema hivyohivyo. Msusi hakubisha. Yeye naye alikuwa amepungua, na mtu aliyepungua hana nguvu za kubisha.

Mama Pacha aliuweka moto kwenye kigae chake. Pale mlangoni aligeuka.

“Bandu bandu huisha gogo, Mama,” alisema kwa adabu, akaondoka.

Neno lile lilimkaa Bi Kipimo vibaya. Usiku hakupata usingizi mzuri. Asubuhi alitoa nauli mwenyewe kutoka kwenye fundo la kanga, wakaenda wote watatu.

Zahanati ilikuwa imejaa. Watoto waliingizwa mmoja mmoja katika chupi ya kitambaa yenye kamba, wakatundikwa kwenye ndoano ya mizani, wakapiga mateke na kulia, na mama zao wakacheka. Alipotundikwa huyu hakupiga mateke. Alining'inia akiwa ameinamisha kichwa. Bi Kipimo, aliyeishi na mizani maisha yake yote, aliuona mshale uliposimama kabla nesi hajausoma.

“Huyu ni yuleyule wa kadi hii?” nesi aliuliza.

“Ndiye,” Msusi alisema.

“Alikuwa mzito kuliko hivi alipokuja mara ya mwisho. Miezi miwili mlikuwa wapi?” Hakusubiri jibu. Alibana ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili, akaiachia, ikarudi polepole. “Unampa vijiko vingapi?”

“Vinne.”

“Vinne vya nini?”

“Vya... vinne vilivyojaa. Ninasawazisha kwa kisu.”

“Mama, niambie ukweli. Wengine wanaongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Sikufungi. Niambie tu.”

“Haki ya Mungu ni vinne!”

Nesi alimtazama bila kuamini. Akampa siku mbili tu. Akiendelea kushuka, alisema, tutamlaza, na hapo tutazungumza kuhusu wewe.

Walipofika nyumbani Bi Kipimo alimkuta mwanawe kibarazani na hapo ndipo alipolipuka.

“Muulize mkeo maziwa yanaenda wapi!”

“Mama, taratibu. Yanaenda wapi vipi?”

“Kopo lilikuwa linaisha haraka, sasa haliishi. Mtoto anakauka. Mimi nimekaa stoo tangu hujazaliwa. Kitu kisipoingia mdomoni, kimetokea mlangoni. Anauza!”

“Mimi?” Msusi alikuwa amesimama na mtoto begani. “Mama, mimi niuze maziwa ya mwanangu? Wewe ndiye uliyenisifu!”

“Nilikusifu kwa ujinga wangu.”

“Basi njoo utazame!” Ilikuwa mara ya kwanza kupaza sauti mbele yake. “Njoo usimame hapa, unihesabie wewe mwenyewe!”

Mtoto hakushtuka kwa zile kelele.

Waliingia jikoni. Mwanawe alibaki mlangoni. Msusi alileta kopo la maziwa kutoka chumbani, akaweka chupa mezani, akamimina maji yaliyochemka na kupoa. Kisha, kwa kuwa sasa hakuna lililobaki la kuogopa, akanyoosha mkono juu na kuangua kikopo cha sukari.

“Kijiko chenyewe kiliungua,” alisema. “Niliogopa kukwambia. Lakini nilikilinganisha hiki na cha Mama Pacha, kilikuwa sawasawa, mara tatu. Tazama.”

Akachota, akapitisha kisu, akamimina. “Moja.” Akachota. “Mbili.” Akasawazisha tena. “Tatu. Nne. Haya, sema, nimepunguza wapi?”

Bi Kipimo alikuwa anakitazama kile kikopo mkononi mwa mkamwana wake. Aliona kwa ndani kile kilima kidogo alichokijenga yeye, Jumapili baada ya Jumapili, ambacho jicho la mtu aliyezoea halikioni. Kilikuwa kimepanda mpaka karibu nusu.

Angeweza kusema pale pale. Alichofanya ni kukichukua kikopo kwa upole, kama anayepokea kikombe, akasema, “Ongeza vingine vinne. Mpe sasa hivi.” Akatoka uani.

“Amesema niongeze?” Msusi alimgeukia mumewe. “Kwa nini niongeze?”

Uani Bi Kipimo alipiga magoti kando ya jiwe lake. Alikilaza kikopo kifudifudi, akakigeuza, akatia kichwa cha msumari kwa ndani, akapiga nyundo. Alitaka kukirudisha kitako mahali pake kabla hawajaja. Ko, ko, ko. Bati lililokwisha kulegezwa kwa miezi halikuvumilia. Pigo la nne lilipasua, na msumari ukatokea upande wa pili.

Msusi aliisikia ile sauti. Ilikuwa sauti aliyoizoea, sauti ya Jumapili, lakini siku hiyo haikuwa Jumapili. Alitoka na mtoto na chupa. Aliliona jiwe, nyundo na msumari. Aliliona kopo kubwa la unga pembeni, akaliinua, akaingiza mkono ndani na kupapasa kitako. Alipapasa kwa muda mrefu, taratibu, kama anayetafuta uvimbe kwenye kichwa cha mteja. Kisha akayaelewa yote kwa pamoja: mkanda wa mumewe, kizunguzungu chake, maziwa yaliyopauka, ile sifa mlangoni.

“Hata sisi,” alisema.

“Sikujua unakitumia kwa mtoto,” Bi Kipimo alisema. “Wallahi sikujua. Ningeukata mkono huu.”

“Hata sisi, Mama. Tuliokuwa tunakushukuru.”

Hawakungoja siku mbili. Jioni ile mtoto alitapika yale maziwa mazito, tumbo lililozoea uhaba lilikuwa limekataa wingi, na macho yake yakaanza kupinduka. Walimkimbiza hospitali. Wodini muuguzi mkubwa alianza na Msusi, kama yule wa zahanati: vijiko vingapi, unaongeza maji, unasema kweli? Msusi alirudia neno moja tu: vinne. Bi Kipimo, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, alisimama.

“Muache,” alisema. “Alipima sawasawa. Mimi ndiye niliyelibonyeza kopo.”

“Kopo gani, bibi?”

Alifungua fundo la kanga na kukitoa kile kikopo kilichopasuka. Muuguzi alikigeuza huku na huku, hakuelewa, ikabidi Bi Kipimo amweleze toka mwanzo, mbele ya akina mama wote wa wodi. Alipofika kwenye muhula ule wa shule alieleza na habari za msichana aliyeanguka mstarini. Hakuna aliyemuuliza. Hakusema ni jua.

Mtoto alikaa hospitali muda mrefu. Alipona kwa kidogo kidogo, kama alivyopungua. Akiba yote ya kabatini, ile iliyotoka kwenye sabuni iliyoanikwa na viberiti vilivyopasuliwa na vitako vya makopo, ililipia kitanda na dawa, na haikutosha.

Waliporudi, Bi Kipimo alikuwa ameshaufungua ufunguo kiunoni. Aliuweka mezani bila kuambiwa, na Msusi aliuchukua bila kusema asante. Nyundo na msumari viliingizwa kabatini pamoja na mchele. Kijiko kipya cha maziwa Msusi alikifunga uzi, akakivaa shingoni, mchana na usiku. Kwa ajili ya unga na mchele alinunua kopo jingine, jipya, linalong'aa.

Hakumtukana mama mkwe wake. Hakumsema kwa majirani. Alimwamkia kila asubuhi, “Shikamoo, Mama,” akamwekea maji ya kuoga, akampakulia wa kwanza. Heshima haikupungua hata chembe. Mume alipojaribu kusema jambo kuhusu yaliyopita, mkewe alimkatisha: “Mwache mama apumzike. Nyumba ninayo mimi.”

Kiwanda hakikurudisha zamu. Deni la hospitali lilibaki palepale, na maziwa ya mtoto yalinunuliwa kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Jumapili moja Bi Kipimo aliamka alfajiri kwa mazoea, akabaki amelala, kwa kuwa hakuwa tena na kazi ya kuamkia. Dirisha lilikuwa na mwanga wa kijivu. Nyuma ya nyumba, karibu na lile jiwe, aliisikia.

Ko, ko, ko. Kimya. Halafu ko.

Mkono ulikuwa wa mwanafunzi, pigo lilikuwa zito kidogo kuliko inavyotakiwa. Bi Kipimo alifumba macho. Baadaye mlango wa uani ulifungwa taratibu, na baada ya muda Msusi aliingia na bakuli la uji, akapiga goti, akalitua juu ya stuli. Kijiko cha mtoto kilining'inia shingoni mwake.

“Umeamkaje, Mama? Makopo mawili ya unga, kama siku zote.”

“Ahsante, mwanangu.”

Walitazamana. Msusi ndiye aliyekuwa wa mwisho kuyaondoa macho yake.

Bi Kipimo alikunywa. Kijiko kilikwaruza chini ya bakuli mapema kuliko jana. Chumba cha pili mtoto aliamka akaanza kulia, kilio kikubwa cha ghadhabu, cha mwenye nyumba, na hatua za mama yake zikaenda mbio kumfuata.

“Mama, umeshiba?” mwanawe aliuliza akipita mlangoni.

Makopo yalikuwa mawili. Hesabu ilikuwa ileile, na yeye alijua kuliko wote kwamba hapo hakuna cha kulalamikia.

“Nimeshiba,” alisema.